Gari Lililomkataa Mwende

Nyinyi vijana mnaopima magari kwa kompyuta, sina ugomvi nanyi. Hiyo mashine yenu ningekuwa nayo enzi zangu, haya magoti yangekuwa bado mazima. Ila kuna magari ya zamani hayana hata pa kuichomeka, na kuna ugonjwa huwezi kuuona garini mpaka umtazame anayeendesha. Mimi nimefunga nyaya za magari pale Kariobangi tangu nikiwa msichana wa kuchekwa na mafundi wote, mpaka nikawa shosho wa kuamkiwa na wote. Ugonjwa ulionitoa jasho kuliko yote ni ule wa gari la Mwende, na ulinikuta nimeshastaafu, testa yangu, ile taa ya kupimia umeme, imening'inia ukutani nyumbani. Zimeni simu basi, mnisikilize.

Mwende ni mjane, anakaa Ziwani, anashona masweta ya shule. Mumewe Mutiso alikuwa karani, jitu la watu, mpole, na wazimu wake ulikuwa mmoja tu: gari la spoti. Kagari kekundu ka milango miwili, kafupi, taa za mbele zinafumba na kufumbua kama macho. Lilikuwa kuukuu tangu siku aliyolinunua. Kuingia humo ilikuwa kazi, aanze kwa mguu, asukume tumbo, kichwa kije mwisho, na watoto wa mtaa wakimshangilia. Jumapili alimwachia mkewe usukani, yeye akajikunja upande wa pili, wakaenda kanisani.

Mutiso akafa ghafla, moyo. Baada ya mazishi, gari likaanza kumisi.

Kumisi mnakujua. Injini inakohoa, inashtuka, inakata, halafu inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Gari lililokufa kabisa ni rahisi, unajua pa kuanzia. Hili linalokohoa likijisikia, ukifungua boneti linanguruma vizuri mpaka unajiona mwongo, hili litakupa vidonda vya tumbo. Mwende alilipeleka kwa Bosi, fundi wa pale barabara ya nyuma, mnene kuliko marehemu. Bosi akabadilisha plagi, koili, chujio la petroli, akasafisha kabureta, akaliendesha mwenyewe akaenda akarudi.

"Mathe, hii ndinga iko fiti. Haina noma."

Mwende akaingia, akatoka nalo. Hakufika mbali likakohoa.

Hapo ndipo akatokea Kilonzo, kaka mkubwa wa Mutiso, kutoka Machakos. Mtu wa kifua na tumbo, sauti ya kuita ng'ombe. Akachukua funguo, akazunguka nalo Ziwani nzima, gari likaimba. Aliposhuka akasema mbele za watu, "Mnaona? Gari la ndugu yangu linawajua wenyewe. Huyu limemkataa."

Limemkataa! Maneno mengine ni kama moto kwenye majani makavu. Mashemeji wakayachukua, majirani wakayachukua, na kanisani watu wakaanza kumtazama Mwende kwa pembeni, kwamba alimfanya nini mumewe hata marehemu amzuie kwenye gari. Kikao cha ukoo kikaamua hivi: Jumamosi ya ibada ya kumbukumbu, Mwende ataliendesha kutoka kanisani hadi nyumbani, watu wote wakiona. Likifika bila kukohoa, ni lake. Likizima, Kilonzo anaondoka nalo siku hiyohiyo.

Alikuja kwangu Jumatano. Nilikuwa nachambua maharagwe. Hakukaa hata.

"Mama Nafula, najua umeacha kazi."

"Nimeacha. Magoti yameniacha kwanza."

"Gari wakilitaka kwa sababu ni gari, wachukue. Lakini wakilichukua kwa neno hilo, mimi nitakuwa mke aliyekataliwa na mumewe akiwa kaburini. Mwanangu Mumo ataambiwa hivyo shuleni."

Nikaacha maharagwe. Jameni, ningefanya nini?

Tulitoka Kariobangi yeye akiendesha, mimi kando, testa mapajani, waya wake nimeupitisha mpaka kwenye koili inayolisha plagi umeme, ili taa inionyeshe umeme ukikatika. Barabara tambarare, taa inawaka, injini safi. Tukafika ule mteremko wa kushuka mtoni. Nyuma yetu lori la mchanga, limeshiba, linatusukuma kwa honi. Mwende akagusa breki, na hapohapo gari likakohoa. Taa mapajani mwangu ikazima, ikawaka, ikazima. Halafu injini ikafa.

Hamjapata kushuka mlima kwenye gari lililozima? Breki inakuwa ngumu kama jiwe. Mwende anakanyaga kwa miguu yote miwili, anaita, "Woi Mutiso! Woi!" na kwenye kioo naona meno ya lori tu. Nikavuta usukani kwa mkono wangu mmoja, tukapanda ukingo wa barabara, tukaingia kwenye banda la muuza makaa. Gunia likapasuka. Lori likapita likitupulizia vumbi, dereva akitutukania mama zetu. Muuza makaa naye akaanza zamu yake.

Mwende alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ndogo, "Umeona, Mama? Ananikataa."

Mimi nilikasirika. Si kwa Mwende, kwa gari. Nikamwambia sogea, nikaliwasha, likawaka mara moja. Nikapanda nalo mlima, nikashuka nalo mlima uleule, nikapiga breki kwa makusudi, nikayumba kama mlevi. Kimya. Taa ya testa inawaka tu. Na mimi, kama mnavyoniona, sikunyimwa mwili.

Sasa tumieni akili kidogo. Gari linalokosa petroli hukohoa likipanda, injini inapodai zaidi. Hili lilikohoa likishuka. Na testa ilikuwa imeniambia wazi: si petroli, ni umeme unaokatika. Waya uliokatika hauchagui dereva. Ukinishusha mimi ukampandisha Mwende, waya unajuaje? Hapo nikajikuta nami nawaza maneno ya Kilonzo.

Nikamwambia, "Rudi kwenye usukani. Safari hii twende polepole, na mimi sitazami testa. Nakutazama wewe."

Akanishangaa, lakini akaenda. Kwenye mteremko nikamwona: kila akiogopa anang'ang'ania usukani, anajivuta mbele, anabana breki, makalio yanaacha kiti. Gari, koh! Akirudi nyuma, linapona. Na gauni lake, lile la zambarau la kanisani, lilikuwa linamning'inia kama limeazimwa. Nilikuwa nimelizoea likimkaa. Huyu mtoto alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na heshima.

Tukasimama mahali tambarare. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Injini inanguruma, handibreki imevutwa. "Jiinue kwa mikono, usikalie kiti." Akajiinua. Injini ikaendelea. Nikavunjika moyo. Halafu nikakumbuka kule mteremkoni handibreki ilikuwa chini, nikasema, haya, ishushe, jiinue tena.

Akajiinua. Injini ikafa.

Akakaa, akawasha, ikawaka. Akajiinua, ikafa. Akanitazama na mdomo wazi. Nikapenyeza mkono chini ya kiti, kidole kikagusa fundo la uzi wa nta, na hapohapo nikamjua aliyefanya ile kazi.

Niwaambie habari za Mzee Okelo. Ndiye aliyenifundisha, wakati mafundi wengine walikuwa wananituma sigara. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Ukiunga waya vibaya alikuwa anauchomoa na kukuvalisha shingoni, unashinda nao. Hakuamini utepe mweusi, alisema joto linauyeyusha. Alikuwa ananunua uzi wa nta kwa washona viatu wa Kariokor, anafunga kila kiungo kwa mizunguko iliyobanana na fundo la mwisho limefichwa chini. Popote duniani ningelitambua fundo lile.

Siku hizo wizi wa magari ulikuwa umewatia watu wazimu. Kijana anakuwekea bastola shavuni, unashuka, anaondoka na gari. Kwa hiyo kila mwenye gari alitaka katauti, swichi ya siri ya kukata umeme, mwizi akifika mbele kidogo gari linamfia. Na kila fundi alikuwa anashukiwa kuuza siri hizo kwa wezi. Kwa hiyo sisi watu wa nyaya tulikuwa na mwiko wetu: katauti inajulikana na mwenye gari na aliyeifunga, basi. Okelo akianza kufunga alinifukuza. "Wewe, nenda ukanywe chai." Nilikunywa chai nyingi sana miaka ile. Akimaliza, hata ukimuuliza gari gani lilikuja asubuhi, anakuuliza, "Gari? Gari lipi?" Alikwenda na siri hizo mpaka kwao, akazikwa nazo.

Tuliinua kiti cha dereva pale pale barabarani. Chini ya sponji, kati ya springi, vipande viwili vya shaba. Ukikalia, vinagusana, umeme unakwenda kwenye koili. Usipokalia vizuri, vinaachana. Waya wa pili ulikwenda kwenye handibreki, ili handibreki ikiwa juu kifaa kilale, fundi yeyote akilipima gari limesimama asigundue kitu. Na kila kiungo kimefungwa uzi wa nta.

Ujanja wa yule mzee! Wezi wa siku hizo walikuwa vijana wembamba, wenye njaa. Akapima springi kwa mtu mzito, Mutiso na mkewe waliokuwa wameshiba. Kijana mwembamba ataiba, atashusha handibreki, atafika kwenye tuta la kwanza, koh.

Niligusa lile fundo kwa kidole, machozi yakanijia. Nilimpenda yule mzee. Na papo hapo nikamlaani, kwa sababu kukata umeme wa koili gari likiwa mwendoni ni kuua mtu. Siku zile hatukuliwaza hilo, tuliwaza mwizi tu.

"Mwende," nikasema, "gari hili ulikuwa unaliendesha Mutiso akiwa hai. Lilikohoa?"

"Hata siku moja."

"Na mwili wako ulikuwaje?"

Akajitazama lile gauni. Akalishika kiunoni, akalikunja, likajaa mkononi. "Nilikuwa mnene, Mama. Mutiso alikuwa anasema gari limelalia upande wangu." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti akiwa amekalia jiwe kando ya barabara, na watu wa bodaboda wakisimama kutazama. Nikawafukuza. Alipotulia akasema, "Kumbe si yeye. Ni mimi niliyeacha kula."

Kazi ilikuwa imekwisha hapo, kwangu mimi. Kukata nyaya mbili, kuunga mmoja, gari limepona. Nilishashika koleo. Akanishika mkono.

"Ngoja. Hicho kifaa, kinaweza kufanywa kikamkatae mtu mwingine?"

Nikamtazama. Yule mama wa kanisani, mpole, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya!

"Kwa sababu nikifika salama Jumamosi," akasema, "Kilonzo atasema ni bahati. Kesho kutwa likipata pancha, atasema limenikataa. Nimechoka, Mama Nafula. Nimechoka na hilo neno."

Wee! Niliwaza sana. Nikamwambia linawezekana, ila mimi sifungi kitu cha kuzima gari barabarani, hata kwa adui yangu. Nikachomoa nyaya za Okelo kwenye koili na kwenye handibreki. Nikazipeleka kwenye stata, ile ya kuamshia injini, ili lolote likitokea litokee gari limesimama, halijawaka. Halafu nikavigeuza vile vipande: asipokalia mtu vinagusana, mtu mwembamba akikalia vinagusana bado, mtu mzito akikalia vinaachana, na stata haipati umeme. Springi nikaipima kwa Mwende mwenyewe, nikampa na gunia la unga apakate ili nione kilipo kiasi cha kukataa. Kila kiungo nikakifunga kwa uzi wa nta. Utepe sikutumia.

"Mpaka Jumamosi usile chapati," nikamwambia.

Jumamosi ikafika. Mimi nilikaa kanisani sisikii mahubiri. Kichwani nauliza kila kiungo: umekaza? Umeukaza kweli? Kilonzo amekaa mbele, koti limembana mabega, na nje lori dogo la kukokota magari limeshaegeshwa. Alikuja nalo kabisa! Alikuwa na hakika mtu yule.

Ibada ikaisha, watu wakajipanga barabarani. Mwende akaingia na lile gauni la zambarau, Mumo kando yake. Akawasha. Likawaka. Akashusha handibreki, akaondoka, na sisi nyuma kwa miguu, wengine wakikimbia. Kuna mteremko mdogo kabla ya kufika nyumba za Ziwani, na chini yake tuta. Alipofika pale taa za breki zikawaka. Shangazi yake Mutiso, kikongwe asiyeona vizuri, alikuwa amenishika mkono, akauliza, "Limekohoa?"

"Bado, Mama."

Likapanda tuta, likashuka tuta. Likakata kona, likasimama mlangoni kwa Mwende, na injini inaimba. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mwende akazima, akashuka, akasimama na funguo mkononi.

Kilonzo hakupiga makofi. Akaja akikata umati. "Petroli nzuri tu hiyo. Leta hapa nilisikie." Akanyoosha mkono.

Mwende akanitazama. Kama atakalia ukingoni? Kama atajiinua? Kama ataingiza mkono chini ya kiti? Mwende akampa funguo. Kilonzo akaingia, mguu, tumbo, kichwa, kiti kikalia kwii. Akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata tiki haikusikika.

Akazungusha tena. Akakanyaga mafuta, akapiga usukani ngumi, akatikisa gia. Watu wakaanza kunong'ona, na jasho likamtoka Kilonzo mpaka kola ikalowa. Akashuka, akafungua boneti, akatazama ndani kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba ngeni. Mwende akaingia, akawasha mara moja. Likanguruma. Akazima, akashuka, akampa shemeji yake funguo tena kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kilonzo akajaribu mara nyingine. Kimya kilekile.

Ndipo yule shangazi, bado ameng'ang'ania mkono wangu, akasema kwa sauti iliyofika hata kwa wenye lori la kukokota, "Kilonzo mwanangu, sasa limekukataa wewe."

Aka! Watu walicheka wakashika magoti. Pasta aligeuka akatazama ukuta, mabega yanatikisika. Kilonzo akaweka funguo juu ya boneti, akamwambia mwenye lori aondoke, naye akaingia ndani kula wali kama wengine. Tangu siku hiyo sijasikia mtu akilitaja neno lile Ziwani.

Mtasema shosho, mbona unavunja mwiko, siri ya katauti inatoka? Haitoki. Kile kifaa hakipo tena, na mwenye gari ndiye aliyeniambia niwasimulie. Ilikuwa hivi. Mvua za mwaka uliofuata, asubuhi, simu ikalia.

"Mama Nafula, gari haliwaki. Stata haisemi kitu."

Nikamuuliza betri, nikamuuliza fyuzi. Vyote sawa, taa za mbele zinafumbua macho vizuri. Nikaanza kuvaa viatu huku namuuliza, umekaa vipi, umekaa wapi, na upande wa pili wa simu nikasikia pumzi zimekatika. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka. "Nimenenepa, Mama," akasema. "Nimenenepa!"

Nikachukua testa yangu ukutani, nikaenda Ziwani kukitoa. Nilimkuta amepika chapati. Tukala kwanza, gari likangoja.